Waya wa Dishi na Mikono ya Haji

Jumapili, baada ya adhuhuri. Mvua.

Imeanza alfajiri na mpaka sasa haijakatika. Si mvua ya kishindo. Ni ile nyembamba ya masika inayoweza kunyesha siku nzima bila kuchoka, na ua wetu wote umekuwa tope. Nyumbani hakuna umeme. Si kwamba umekatika. Nimeuzima mwenyewe kwenye swichi kubwa, kisha nikabandika plasta juu yake ili mtu asiiwashe kwa kusahau. Simu hii ninayoandikia nimeichajia kwa jirani.

Mama amelala chumbani. Mkono wake wa kulia umefungwa bandeji kuanzia vidoleni mpaka kwenye kifundo. Kila mara nanyanyuka, nasimama mlangoni, nasikiliza kama anapumua, kisha narudi kukaa.

Naiogopa nyumba nilimozaliwa.

Ukurasa huu niliufungua kwa mambo madogo: mishono, mapishi, siku nilizokwenda kisiwani Chole kutembea. Nauza vitambaa dukani kwa Bi Shirini hapa Kilindoni, na jioni nikipata nafasi naandika nilichokiona. Sikudhani ningeandika haya. Lakini tangu jana sina pengine pa kuyaweka.

Nianze na Haji.

Haji ni mdogo wangu, na kwa mama yetu tuko wawili tu. Tangu baba afariki yeye ndiye mwanamume wa nyumba. Redio ikifa anaifungua, pasi ikiacha kupata moto anaifungua, na majirani wote wanamletea vitu vyao vibovu. Lakini riziki yake ilikuwa baharini. Alikuwa anazama kwa mpira kwenye dago moja upande wa kisiwa cha Bwejuu. Dago ni kambi ya wavuvi wa kuja na kuondoka, na kuzama kwa mpira ni kushuka chini kabisa huku unavuta hewa ya kompresa iliyoko botini kupitia mpira mrefu. Wanatafuta jongoo bahari. Kazi hiyo imekatazwa, na inafanyika.

Kabla ya mwezi wa Ramadhani kompresa ilizimika yeye akiwa chini. Alipanda juu haraka, kwa sababu asingepanda angekufa, lakini ukipanda ghafla hivyo hewa uliyoivuta chini hupoozesha mwili, na alipofika botini miguu ikakataa. Wenzake walimleta nyumbani wamembeba kwenye turubai. Hospitali tulisema ameteleza botini akaangukia mgongo. Ndivyo tajiri wake, mwenye boti na kompresa, alivyotuagiza tuseme, na sisi tukasema. Akapewa dawa za maumivu na mazoezi. Miguu ilirudi nusu. Sasa anatembea kwa magongo, polepole, mguu wa kushoto akiuburuta.

"Ni miguu tu," alikuwa anasema kila mtu alipomuuliza. "Kwingine kote mzima."

Baada ya Idi tajiri alituma zawadi. Ilikuja na kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, imefungwa kwa kamba: TV bapa kubwa, na mashine ya gemu iliyotumika, na pedi zake mbili za kuchezea. Dereva alisema tajiri anasema kijana asikae na mawazo. Mama aliinua mikono akamwombea dua pale pale mlangoni.

Mimi nililitazama lile boksi na sikulipenda. Huyu mtu hakuwahi kuja kumjulia hali Haji, hata siku moja. Leo analeta TV.

Lakini Haji alikuwa anatabasamu, na ilikuwa muda mrefu hajatabasamu.

Tulikuwa na king'amuzi na dishi kutoka zamani, pamoja na TV ya kichogo iliyokwisha kufa rangi. Dishi limefungwa juu ya bati, pembeni, kwa bolti ndefu. Haji akasema ataunganisha vyote viwili kwenye TV mpya, king'amuzi na gemu, ili mama aangalie mambo yake na yeye acheze. Tatizo lilikuwa ekstensheni. Plagi yake ilikuwa imeungua zamani. Akaniomba nimletee plagi mpya kutoka mjini, nikaleta, akaingia nayo chumbani kwake akafunga mlango.

Alikaa humo sana. Nilibisha nikamuuliza kama anataka nimshikie tochi.

"Niache, dada. Plagi tu hii."

Alipotoka alikuwa na jasho usoni kama aliyekuwa akipasua kuni.

Kisha tukaanza kuunganisha. Nyuma ya TV kulikuwa na matundu mawili ya HDMI, na moja lilikuwa limekufa. Basi gemu likapewa lile zima, na king'amuzi tukakipa zile waya tatu za rangi, njano, nyekundu na nyeupe. Haji alikaa kwenye kiti cha plastiki, TV ameiinamisha mapajani. Ile ya njano ilimshinda kuingiza. Alijaribu, ikateleza. Akajaribu tena, ikamdondoka chini, naye akaendelea kusukuma vidole vitupu kwenye tundu, kama vile waya bado umo mkononi.

Niliona. Nilidhani haoni vizuri kwa sababu ya giza la nyuma ya TV.

"Matundu yamebana," akasema. "Ingiza wewe."

Nikaingiza mimi. Picha ikaja nyeusi na nyeupe, akaniambia nimechomeka njano kwenye tundu la kijani, nikahamisha, rangi zikaja. Kichwani mwake kila kitu kilikuwa sawasawa. Aliniambia nibonyeze wapi kwenye rimoti, nichague nini, king'amuzi kiko upande gani na gemu upande gani. Mama alikuja na kahawa, akakaa mkekani, akaona taarifa ya habari kwa rangi safi, akasema Mungu amzidishie tajiri.

Mpaka hapo hakukuwa na ubaya.

Kisha Haji akachomeka mashine ya gemu kwenye ekstensheni. Ile mashine ina adapta kubwa kama tofali, na plagi nene ya pini tatu. Taa ya kijani ikawaka. Mimi nilikuwa nyuma ya TV nakaza waya wa dishi, na nilipoushika pale kwenye skrubu ya chuma, kitu kikatambaa kutoka vidoleni mpaka kwenye kiwiko. Kama upupu, lakini kwa ndani.

Nikaachia. "Haji, huu waya unauma."

"Unauma vipi?"

"Una umeme."

Akaunyoosha mkono wake, akaushika waya pale pale nilipoushika, kiganja kizima. Akakaa hivyo, ananitazama.

"Hakuna kitu," akasema.

"Una uhakika?"

"Dada, nimeushika hapa. Unaniona."

Na mimi nikamwamini. Yeye ndiye anayejua umeme. Nilisema labda ni mwili wangu umechoka, nikaenda kunawa.

Siku zilizofuata tulicheza. Naona aibu kuandika kwamba nilifurahi, lakini nilifurahi. Nilikuwa nikitoka dukani napitia maandazi, tunakaa pamoja mbele ya TV mimi na mdogo wangu, tunacheza mpira wa kwenye gemu. Sijawahi kushika pedi maishani mwangu. Siku ya kwanza nilimfunga. Siku ya pili nikamfunga tena, mabao mengi mpaka mama akacheka.

"Hii pedi mbovu," Haji alisema. Tukabadilishana. Nikamfunga na ile mbovu.

Aliacha kucheka. Aliigeuza pedi akaitazama chini, akavitazama vidole vyake juu ya vitufe, akabonyeza kimoja kimoja taratibu huku midomo ikisogea, kama mtoto anayejifunza kusoma. Nikamwambia tupumzike. Akasema hapana, tuanze upya. Tulikuwa tukianza upya kila siku. Nikichoka mimi alikuwa akiendelea peke yake, na macho yake hayakuwa kwenye TV. Yalikuwa kwenye vidole.

Wakati huo ndipo mama alipoanza kulalamika juu ya maji.

Nje, chini ya bati, tuna mfereji wa bati unaokusanya maji ya mvua, na bomba la bati linaloshuka mpaka ndani ya pipa. Mama hutawadha kwa maji ya pipa hilo. Jioni moja aliingia anaukung'uta mkono.

"Maji ya pipa yana upupu leo."

Haji akasema labda kuna wadudu wa mvua. Kesho yake asubuhi mama akasema maji ni mazuri. Jioni upupu ukarudi. Ulikuja na kuondoka, na sisi hatukuwahi kuuliza unakuja saa ngapi. Ulikuwa unakuja tukicheza.

Jumatano alikufa mbuzi.

Alikuwa jike mwenye mimba, wa jirani yetu Bi Fatuma. Wakati wa mvua mbuzi huyo alikuwa akipita uani kwetu kunywa maji ya pipa, na hatukuwa tukimfukuza. Bi Fatuma alimkuta amelala ubavu kwenye tope, mdomo umegusa bomba la bati, miguu imenyooka kama ya meza. Hakuwa na jeraha. Hakuwa na povu. Alikuwa bado na joto.

Bi Fatuma alisimama pale, kanga imemlowa kichwani. Hakulia. Alimwangalia mbuzi, akaliangalia bati letu na dishi juu yake, akamwangalia mama.

"Nyoka," mama akasema.

"Nyoka haachi alama?" akauliza Bi Fatuma.

Wanaume walimburuta yule mbuzi wakamzika karibu na minazi. Tuliporudi ndani mama alifunga mlango wa uani. Halafu akasema kwa sauti ya chini kwamba tangu TV iingie watu wanaitazama nyumba yetu kwa jicho jingine. Kijana wetu alianza kuumia, sasa maji yanauma, sasa mnyama anafia mlangoni. Nyumba imeingiliwa. Husda.

Mimi siyo mtu wa kukimbilia maneno hayo. Lakini usiku ule nilichelewa kupata usingizi, na nilipokumbuka ule upupu kwenye waya wa dishi, nilijiambia nitaita fundi. Nikajiambia nitaita wiki ijayo. Kumwita fundi mwingine ndani ya nyumba ya Haji ni kumwambia Haji kwamba amekwisha. Sikuweza kumfanyia hivyo.

Ijumaa baada ya swala mama alimwita mwalimu wa madrasa na akina mama wachache tukafanya kisomo. Ubani ulifukizwa vyumba vyote. Tulizima TV, tukachomoa kila kitu ukutani kwa heshima, hata friji. Baada ya kisomo mama alitoka uani, akaingiza mkono pipani mpaka kwenye kiwiko, akaukoroga. Maji yalikuwa maji tu. Alirudi ndani uso umefunguka, akaniambia, "Umeona, Sauda? Yamekwisha."

Nami nilisema alhamdulillah, na nilisema kwa moyo wote. Kama kuna kitu kinaniumiza leo kuliko vyote, ni ile furaha yake ya Ijumaa. Ndiyo iliyompeleka kwenye bomba bila woga.

Jana, Jumamosi, duka tulifunga mapema kwa sababu ya mvua. Nilikuta Haji amekwisha kuchomeka kila kitu upya na anacheza peke yake. Mlango wa uani ulikuwa wazi ili hewa iingie. Karibu na alasiri mama alitoka kutawadha, peku, kanga moja kiunoni na nyingine kichwani. Upepo ulikuwa umelisogeza lile bomba likawa linamwaga maji nje ya pipa. Nilimwona kwa pembe ya jicho akiinama kulirudisha.

Sikusikia sauti yoyote.

Nilichokiona kwanza ni kanga ya kichwani ikianguka, na yeye hakuiokota. Nikageuka. Alikuwa ameshika bomba, mabega yanatikisika haraka haraka. Nilidhani anacheka. Naapa nilidhani mama yangu anacheka. Kisha nikaona uso wake, meno yameumana, macho yamekaza kunitazama, na mdomo haufunguki.

Nilikimbia. Nilikuwa nimefika kizingitini, mkono mbele, nataka kumkumbatia nimvute, niliposikia sauti ya Haji nyuma yangu. Hakupiga kelele. Alisema tu, kwa sauti kavu ambayo sijawahi kuisikia kwake:

"Usimguse. Zima swichi kubwa."

Swichi ipo ukumbini, juu ya mlango wa mbele. Sikumbuki nilivyofika. Nakumbuka nilipanda juu ya kochi na nikaivuta chini kwa ngumi. TV ikafa, friji ikafa, na nje nikasikia kishindo cha mtu kuanguka kwenye tope.

Haji alikuwa amejirusha kutoka kitini bila magongo. Nilimkuta anatambaa kizingitini kuelekea kwa mama, tope mpaka kidevuni.

Mama alikuwa anapumua. Kiganja cha kulia kilikuwa na mstari mweupe katikati, ngozi imekauka kama ya samaki aliyebanikwa. Bi Fatuma alisikia nikilia, akatafuta bajaji, tukampeleka hospitali. Walimpima moyo. Daktari, kijana mpole, alisema moyo umepata mtikisiko na mapigo hayajakaa vizuri, tumrudishe Jumatatu asubuhi bila kukosa, na akizimia kabla ya hapo tusisubiri Jumatatu. Aliniuliza umeme umefikaje kwenye bomba la maji.

Tulirudi nyumbani magharibi inaingia. Haji alikuwa amekaa gizani pale pale kizingitini. Hakuwa amebadilisha nguo.

Leo asubuhi mama alikunywa uji kidogo akalala. Haji akaniambia nilete bisibisi na ekstensheni, tukae dirishani kwenye mwanga. Nilidhani ataifungua mwenyewe. Akanipa mimi.

"Fungua plagi. Nieleze unachokiona."

Nikafungua. Nikamwambia naona waya tatu, wa kahawia, wa buluu, na wa kijani wenye mstari wa njano. Skrubu ya ule wa kahawia haikuwa imekazwa. Nyuzi zake za shaba zilikuwa zimetoka nje ya nafasi yake, zimetawanyika kama nywele, na baadhi zimelala juu ya ule wa kijani.

Haji alifumba macho.

Akanieleza taratibu, kama anamweleza mteja. Wa kahawia ndio wenye moto. Wa kijani ni wa kupeleka umeme uliopotea ardhini, lakini katika nyumba yetu ya zamani haufiki ardhini, umeishia ukutani. Zile nyuzi zilikuwa zinautia moto ule wa kijani. King'amuzi kina pini mbili, hakiutumii, ndiyo maana peke yake hakikuwa na neno. Gemu lina pini tatu. Likichomekwa, moto unaingia kwenye chuma chake, unapita waya wa HDMI mpaka kwenye TV, unatoka TV kwa zile waya za rangi mpaka kwenye king'amuzi, unapanda waya wa dishi, unafika kwenye dishi, na dishi limefungwa kwenye bati, na bati limeshikana na mfereji na bomba la pipa.

"Nyumba nzima," akasema. "Paa lote. Wiki nzima."

Nilikaa na ile plagi mkononi. Nilifikiria akina mama waliokuja kwenye kisomo, watoto wao walioegemea nguzo za baraza kukinga mvua.

"Lakini uliushika ule waya," nikamwambia. "Nilikuona. Ulisema hakuna kitu."

Kwenye meza ya cherehani kulikuwa na sindano imechomwa kwenye kitambaa. Haji aliinyooshea kidevu.

"Nichome. Nitafumba macho. Ukinichoma nitakwambia."

Sikutaka. Akaniambia tena, kwa upole, "Dada, tafadhali." Nikachukua mkono wake. Nilimchoma kidole cha shahada, akakaa kimya. Nikamchoma cha kati. Nikamchoma kiganjani mpaka tone la damu likatoka, na yeye bado amefumba macho, amekunja uso, anasubiri nianze.

Nikaiweka sindano chini.

"Umeshaanza?" akauliza.

Ndipo aliponiambia. Mikono iliondoka siku ile ile ya miguu. Miguu ilirudi nusu, mikono haikurudi. Inashika, inakunjika, lakini haimwambii kitu. Anajua ameshika kikombe kwa kukitazama. Ile plagi aliifunga kwa macho na kwa meno, na alipodhani skrubu imekaza, ilikuwa haijakaza. Hakutaka mama ajue, na hakutaka mimi nijue. Gemu alilipenda kwa sababu ya vitufe. Alidhani akibonyeza sana, kila siku, kuna siku vidole vitaamka.

"Na kwa nini ulitaka viamke haraka hivyo?" nikamuuliza.

Akatazama mvua. "Nimemwahidi tajiri nitarudi maji yakifa."

Maji yakifa ni zile siku ambazo mkondo wa bahari hauvuti sana na wazamiaji wanashuka. Nilidhani sikusikia vizuri. Mtu wa magongo, anarudi chini ya bahari. Akasema chini huhitaji miguu, unashushwa kwa kamba. Akasema wenzake wanamwambia ukishuka tena maumivu yanakuachia, kule chini mwili unasahau. Tena kuna mmoja pale dagoni, kijana wa kutoka bara, upande wa Kilwa, ambaye alikuwa na tatizo kama lake na anashuka kila siku. Ila siku hizi huyo kijana anaangusha vitu. Anaangusha kijiko akila. Wanamcheka.

Aliposema hivyo akavitazama vidole vyake. Nadhani aliyasikia maneno yake mwenyewe.

Muda mfupi kabla ya adhuhuri simu yake iliita. Jina la tajiri likatokea. Haji aliniangalia, nikaipokea mimi, nikaweka sauti kubwa, nikaishika karibu na mdomo wake.

"Shikamoo, tajiri."

"Marahaba. Vipi, TV inaonyesha?"

"Ilikuwa inaonyesha."

"Vizuri. Kesho kutwa boti itakupitia. Jiandae."

Nyuma ya sauti ya tajiri nilisikia mashine inanguruma na watu wanacheka.

"Tajiri, sitakuja. Mikono yangu imekufa ganzi. Tangu siku ile. Jana mama yangu nusura afe kwa sababu ya mikono hii."

Nilisubiri neno la pole. Nilikuwa tayari hata kumsamehe mambo mengine yote kwa neno moja la pole. Ile mashine iliendelea kunguruma, kisha ikasikika kwa mbali, kama vile tajiri amesogea pembeni.

"Umemwambia nani?"

Haji aliugeukia mlango wa chumba cha mama.

"Haji. Nakuuliza taratibu. Nani mwingine anajua?"

Nikakata simu.

Haikuita tena. Hilo ndilo linalonitisha, kwamba haikuita tena. Haji alikaa ameinamisha kichwa, halafu akasema tajiri atakuja mwenyewe, yule si mtu wa kupiga mara mbili. Nikamwambia aje.

Kesho asubuhi nampeleka mama hospitali kama tulivyoambiwa. Haji anapanda bajaji hiyo hiyo. Amekubali kumwambia yule daktari, kwa mdomo wake, kwamba hakuteleza botini, na kwamba kuna kompresa, na kuna dago, na kuna vijana wengine wanaovuta hewa ile ile, na mmoja wao anaangusha kijiko. Anaogopa. Mimi pia naogopa, na sijui yule mtu atakapofika mlangoni nitamwambia nini.

Mama ameniita sasa hivi kutoka chumbani, anauliza mbona nyumba kimya, TV imeharibika? Nimemwambia tumeizima kidogo.

Tajiri ameuliza nani mwingine anajua. Alipouliza tulikuwa wawili, mimi na mdogo wangu. Jina langu ni Sauda, nyumba yetu ni ile yenye dishi pembeni ya bati, na haya nimeyasoma mara mbili kuhakikisha hakuna nililoongeza. Nikishabonyeza kitufe cha kuchapisha, hatutakuwa wawili tena.